Wazee wa mfongo na msitu wa nusu maili



Ukitoka Moshi mjini kuelekea Arusha, unavuka Karanga, unavuka Weruweru, unavuka Kikafu, kisha utingo anaanza kugonga bati na kupaza sauti: "Sadala! Wa Sadala washuke!" Wengi wetu tunapafahamu Kwa Sadala kwa njia ya dirisha la gari. Tunanunua ndizi, tunapunguziwa shilingi kidogo, gari linaondoka. Wachache hushuka na kushika njia ile ya kulia inayopanda kwenda Masama, na wachache zaidi hujiuliza kwa nini migomba ya kule juu imesitawi hata Septemba, wakati huku chini kando ya lami vumbi linatufunga macho.

Leo nataka kuzungumzia watu wanaosababisha jambo hilo. Hawana ofisi wala mshahara, na wengi wao hawajawahi kuandikwa gazetini. Ni wajumbe wa kamati na mabaraza ya kujitolea wanaosimamia ardhi, msitu na maji ya mlima. Katika sheria yetu, watu wanaokabidhiwa mali ili waitunze kwa niaba ya wengine huitwa Bodi ya Wadhamini. Neno hilo tunalitumia ovyo siku hizi. Kila chama kina wadhamini, kila shule, kila nyumba ya ibada. Lakini ukienda mahakamani kumtoa ndugu yako, hakimu atakuonyesha vizuri maana ya mdhamini: ni mtu anayeweka nyumba yake rehani, na mshtakiwa akitoroka, nyumba inakwenda. Naomba tuishike maana hiyo katika mazungumzo haya, maana nitairudia.

Watu wa nchi za nje nao wana historia yao katika jambo hili. Mwaka 1891, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, iliundwa bodi ya wadhamini wa kujitolea kwa ajili ya kumiliki na kutunza mahali penye mandhari nzuri kwa faida ya umma. Miaka minne baadaye, 1895, Waingereza watatu, mmoja wao bibi aitwaye Octavia Hill, wakaanzisha chombo chao cha taifa cha namna hiyo hiyo. Vitabu vya uhifadhi huanzia hapo, kana kwamba kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa ikikata miti tu.

Sasa tazameni tarehe za kwetu. Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro mwezi wa Mei mwaka 1848, na mwaka uliofuata alifika Machame kwa Mangi Mamkinga. Baada yake akaja Charles New mwaka 1871, na Harry Johnston mwaka 1884. Wageni hawa wa karne ile waliikuta mifereji ya maji imekwisha kuchimbwa, inapita ubavuni mwa mlima kutoka korongo moja hadi jingine, na kila mfereji una wenyewe na taratibu zake. Wachagga huuita mfongo, na ikiwa mingi ni mifongo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni mifongo ipatayo 1,000, ambayo ikiunganishwa pamoja hufika kilomita 1,800. Kwa mwenye gari, hiyo ni zaidi ya kwenda Dar es Salaam kutoka Moshi, kurudi, na kuondoka tena mpaka kufika. Na yote ilichimbwa kwa majembe ya mti na ya chuma, bila mhandisi mwenye cheti.

Mfongo huanzia juu kabisa, mara nyingi ndani ya msitu wenyewe, mahali mto ulipo kina ndani ya korongo. Hapo hujengwa banio la mawe, udongo, matawi na vigogo vya migomba. Kisha mtaro hufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana. Ukiteremka mno, maji hula udongo na kubomoa kingo. Ukilala mno, maji hutuama na kujaa tope. Kumpata mtu mwenye jicho la kupima mteremko huo lilikuwa jambo kubwa, na mtu huyo aliheshimiwa sana. Njiani huwekwa mabwawa madogo, nduwa, ambayo hujaa usiku na kufunguliwa mchana. Mwisho wa yote maji huingia kihambani, kwenye migomba, kahawa na mboga, na yanayobaki huteremka mpaka mashamba ya mahindi na maharage ya tambarare, yaani huku huku karibu na Kwa Sadala.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja, wala kutunzwa na mtu mmoja. Ukoo wa yule aliyechimba kwanza ndio uliotoa mwenyekiti wa mfongo. Yeye na wazee wenzake ndio waliotangaza siku ya kazi, waliopanga zamu, waliokagua banio baada ya mvua kubwa, na waliosikiliza kesi ya mtu aliyefungua maji usiku isipokuwa zamu yake. Asiyefika kazini hutozwa faini. Zamani ilikuwa mbege au mbuzi, siku hizi fedha. Anayekata mti penye chanzo cha maji huitwa mbele ya wazee. Akikiri na kuomba msamaha kwa jani la sale, mambo huisha. Msikilizaji usiye wa huko ufahamu kwamba sale ndilo pia linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Jani hilo moja linaonyesha mwisho wa haki yangu na mwanzo wa haki yako, na linatupatanisha tukigombana.

Nakiri hapa kwamba mimi mwenyewe niliwahi kutozwa. Nilikuwa kijana, nimetoka shule kwa likizo, nikaona kuchimbua tope ni kazi ya wasiosoma. Nilijificha. Faini ililipwa na mama yangu, kwa mbege aliyoipika kwa mikono yake, na kwa siku tatu hakunisemesha. Wala mzee aliyenitoza hakunigombeza. Alikuja, akakaa, akanywa sehemu yake, akanieleza jinsi banio lilivyozibwa mwaka ule, kana kwamba mimi ni mjumbe mwenzake.

Mchungaji Bruno Gutmann, Mjerumani aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga, kikatoka mwaka 1926. Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapo Moshi, aliandika chake mwaka 1924. Si lazima ukubaliane nao katika yote, maana kila mmoja alikuwa na shughuli yake iliyomleta. Lakini waliona kwamba huku kulikuwa na utawala wa ardhi na maji ambao hawakuuleta wao.

Msingi wa utawala huo ulikuwa mdogo na mgumu: mzee wa mfongo naye anakunywa maji ya mfongo ule ule. Banio likibomoka, kihamba chake kinakauka pamoja na cha jirani yake. Akimpendelea mjomba wake katika zamu, jirani aliyedhulumiwa atamkuta kesho njiani, na keshokutwa msibani. Ndiyo maana nimesema tukumbuke yule mdhamini wa mahakamani. Mzee huyu ameweka nyumba yake rehani kwa kazi aliyopewa, hata kama hakuna karatasi aliyotia sahihi.

Sasa tupande juu zaidi, mpaka msituni.

Wajerumani ndio walioanza kuutenga msitu wa Kilimanjaro kuwa hifadhi, mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakauthibitisha mwaka 1921. Wakati huo huo, chini ya vihamba, ardhi kubwa ilikuwa imekwisha kugawiwa walowezi kwa mashamba ya kahawa na mkonge. Mchagga akajikuta katikati: juu yake mstari wa msitu asiruhusiwe kuuvuka, chini yake uzio wa mlowezi. Watoto wanazaliwa, kihamba kinagawanywa, kahawa inataka nafasi. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, kikafuatwa na KNCU mwaka 1933, na kahawa ikaleta fedha, nyumba za bati na shule. Nyumba ya bati inataka mbao. Kahawa inataka kivuli. Ng'ombe wa ndani anataka majani. Na chungu kinataka kuni kila siku ya Mungu. Vitu hivyo vyote vilikuwa ng'ambo ya mstari.

Ndipo mwaka 1941 likafanyika jambo ambalo nafikiri lilistahili kufundishwa shuleni. Ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili, yaani mita 800 hivi, ukatengwa kando ya mpaka wa hifadhi, kati ya msitu mkubwa na vihamba, ukawekwa chini ya Baraza la Wachagga. Mpaka leo mzee wa Masama au wa Kibosho atakuambia "nusu maili" bila kufafanua, kama vile sisi tunavyosema "Kariakoo". Ukanda huo ulikuwa wa watu. Humo Baraza lilipanda miti inayokua upesi, humo wananchi waliokota kuni na kukata majani kwa utaratibu, na mapato ya mbao yaliingia katika hazina ya Baraza lenyewe. Msitu mkubwa wa asili ukabaki nyuma ya ukanda huo kama nyumba iliyo nyuma ya ua.

Nisiwapambie jambo hili. Baraza la Wachagga halikuwa kundi la watu wa kujitolea tu. Mamangi walilipwa mshahara na hazina ya wenyeji, na baada ya mwaka 1946, nchi ilipogawanywa katika sehemu tatu za Hai, Vunjo na Rombo, palikuwa na ngazi kubwa za utawala zenye fedha na ukubwa wake. Lakini ngazi ile iliyogusa msitu wenyewe ilikuwa mtaani, kwa mchili na wazee wake, na kwa majirani waliojua nani ameingia juu na shoka na nani ameingia na mundu. Nusu maili ililindwa na macho ya majirani. Taratibu hiyo ilivuka vita kuu ya pili, ikavuka kipindi cha Mangi Mkuu Thomas Marealle kuanzia 1952 hadi 1960, ikavuka kura ya mwaka 1960 iliyoondoa umangi mkuu na kumweka Solomon Eliufoo wa Machame kuwa rais wa Wachagga. Wataalamu waliochunguza historia ya ukanda huo baadaye walikubaliana kwamba hiyo miaka 20 ya mwanzo ndiyo ilikuwa mizuri kuliko yote iliyofuata.

Uhuru ulipokuja, Baraza la Wachagga likavunjwa na usimamizi ukapita kwa Halmashauri ya Wilaya mwaka 1962. Mwaka 1963 umangi ukafutwa kisheria nchini kote. Hakuna sababu ya kuulilia umangi. Mangi aliweza kumpa kihamba mtu wake na kumnyima mtu wa mwenzake, na wako wazee wanaokumbuka hilo vizuri kuliko mimi. Lakini mwaka 1972 serikali za mitaa zenyewe zikafutwa, chini ya ule mpango wa madaraka mikoani, na nusu maili ikawa mikononi mwa serikali kuu. Mwaka 1984 halmashauri zilirudi, na baadaye ukanda ukarudishwa kwa wilaya. Hesabuni wenyewe: katika muda wa miaka 25 hivi, mali moja imebadilishwa mwenyewe mara tatu. Katika kila makabidhiano kuna daftari linalopotea, kuna mlinzi asiyejua atalipwa na nani, kuna shamba la miti lililovunwa na aliyepaswa kupanda mingine amehamishwa. Ilikatwa mingi kuliko iliyopandwa. Mahali pengine ukanda ukawa shamba la viazi.

Na ua ukishabomoka, mwizi huingia nyumbani. Mwaka 1984 serikali ilipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili ya mlima Kilimanjaro. Marufuku ilikuwa ya lazima, lakini ilitolewa mbali, na misumeno ilikuwa karibu. Mwaka 2001 wataalamu walipanda ndege wakazunguka mlima mzima kuhesabu uharibifu, na taarifa yao ikatoka mwaka uliofuata. Walikuta maelfu ya miti ya asili imekatwa ndani ya hifadhi, wakakuta matanuri ya mkaa na mashamba mahali ambapo ramani inaonyesha msitu. Hayo yote yalitokea wakati kuna sheria, kuna bwana misitu, na kuna kamati karibu kila kijiji.

Kamati hizo nazo tuzitazame. Sera ya misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimetoa nafasi kubwa kwa vijiji kusimamia ardhi na misitu yao. Vijiji vikaunda kamati za mazingira na za maliasili, wajumbe wakachaguliwa kwa kujitolea. Kwenye karatasi ni mfongo ule ule umerudi. Tofauti iko hapa: mjumbe wa kamati ya kijiji huambiwa alinde msitu, akamate mkata miti, kisha ampeleke kwa mwenye mamlaka. Hawezi kutoza faini ikabaki kijijini bila ngazi nyingi kuidhinisha. Akimkamata jirani yake anabaki na uadui, na mwingine ndiye anayebaki na mapato. Amepewa lawama ya mdhamini bila mali ya kudhamini. Halafu tunashangaa kamati inapokutana siku ya semina tu, siku yenye chai na posho.

Posho hiyo naifahamu. Nilipata kuwa mjumbe wa kamati moja hapa mjini, sitaitaja, iliyokuwa na shughuli njema kabisa ya kupanda na kutunza miti. Tulianza watu 15 kwa moyo safi. Mwaka wa pili akatokea mfadhili, kila kikao kikawa na bahasha. Vikao vikaongezeka, miti haikuongezeka. Mfadhili alipoondoka, kikao kilichofuata tulikuwa wanne, na mmoja wetu alikuja kuuliza kama bahasha za mwezi uliopita zipo. Aliyekuwa akijitolea ukishamlipa mara moja, siku ya pili anahesabu kwamba anakudai.

Turudi kwenye maji, kwa sababu ndiko mambo yanakowaka moto. Wakoloni waliweka sheria ya maji mwaka 1923, na nyingine zikafuata. Sheria yetu ya mwaka 1974 ikatamka kwamba maji ni mali ya umma na atumiaye apate haki ya kutumia maji kutoka serikalini. Mwaka 1991 ikaanzishwa ofisi ya Bonde la Mto Pangani, yenye makao yake Moshi. Ofisi hiyo haikuwa na kazi rahisi, maana maji ya Karanga, Weruweru na Kikafu huishia Kikuletwa, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo hapo, yanaendelea mpaka mitambo ya Hale na Pangani, ndipo yanafika baharini. Ukiwasha taa yako Tanga au Dar es Salaam, huenda tone la Masama limepita katika waya wako.

Kwa hiyo mzee wa mfongo akaletewa habari kwamba achukue hati na alipe ada. Jibu la wazee wengi tunalijua: babu alichimba, serikali ilichangia jembe gani? Na jibu la ofisi nalo tunalijua: walio chini nao ni raia. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na sehemu ya haki. Mfongo wa zamani uliopangwa kwa watu mia mbili sasa una watu elfu. Mkoa wa Kilimanjaro katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu zaidi ya 1,860,000. Maji mengi hupotea njiani kwa kuzama ardhini, na mwenye shamba la chini, hapa karibu na Kwa Sadala, hupata zamu ya maneno tu. Baraza la mfongo lilijua kugawa maji baina ya jirani na jirani. Halikupata kuundwa kwa ajili ya kugawa maji baina ya Masama na mtambo wa umeme. Sheria ya mwaka 2009 imejaribu kuunganisha hayo kwa kuanzisha vyama vya watumia maji, ambavyo vinakutanisha watu wa mto mmoja, wa juu na wa chini. Pale ambapo wazee wa mifongo wameingizwa humo kwa heshima yao, zamu zimekwenda. Pale walipopuuzwa, watu huchukua maji usiku kama zamani, ila sasa hakuna wa kumtoza mtu mbege.

Hai ina mfano mwingine ambao watu wa mijini hawausemi vya kutosha. Kuanzia miaka ya 1990, kwa msaada wa Wajerumani, yalijengwa mabomba makubwa ya kuteremsha maji ya mlimani kwa mserereko hadi vijijini na mpaka Boma Ng'ombe. Kisha mabomba hayo yakakabidhiwa bodi za wadhamini za watumiaji wenyewe: Uroki-Bomang'ombe, Losaa-KIA, Lyamungo-Umbwe na nyinginezo. Bodi ilikuwa na wawakilishi wa vijiji, iliajiri mafundi, ilisoma mita, ilitoza, na fedha ilibaki kwenye bomba. Watu wengi wakadhani wanakijiji hawataweza kukata maji ya diwani asiyelipa. Yalikatwa. Hapa mdhamini alipewa lawama na akapewa na ufunguo. Mwaka 2019 ikaja sheria mpya na RUWASA, na vyombo vya watumia maji vijijini vikatakiwa kusajiliwa upya chini yake. Wenye hamu ya kujua kama uzoefu wa bodi zile utahifadhiwa au utapotea kama madaftari ya nusu maili, waende wakaulize Boma Ng'ombe, nauli si kubwa.

Msitu nao umepata mwenyewe mpya. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi 1977, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Wakati huo ilikuwa sehemu ya juu tu. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi wote ukaingizwa ndani yake, ikawa na kilomita za mraba zipatazo 1,668. Misumeno imepungua, hilo lazima lisemwe. Lakini mama wa Masama aliyezoea kukata majani ya ng'ombe katika nusu maili akakutana na askari mwenye bunduki, na ugomvi juu ya ukanda huo ukaanza upya, kwenye mikutano ya vijiji na kwenye hotuba za wabunge. Aliyeutenga ukanda mwaka 1941 alikuwa amejiuliza swali la yule mama: kuni atapata wapi? Anayetaka kuulinda leo hawezi kulikwepa.

Na nikimtaja huyo mama, kuna doa la kale sharti nilitaje. Katika mila ya mfongo mwanamke hakuruhusiwa kufika kwenye banio, wala hakuketi katika baraza la kugawa zamu. Yeye ndiye aliyetumia maji jikoni, kwa mifugo na kwa mboga, lakini zamu ilipangwa na wanaume. Anayezisifu taratibu za zamani akiruka jambo hilo, anasifu nusu ya historia. Leo vyama vya watumia maji na kamati za vijiji vina wajumbe wanawake, kwa mujibu wa kanuni, na katika vikao nilivyopata kukaa mwenyewe, wao ndio waliokuwa wakijua ni bomba lipi linavuja.

Tatizo kubwa kuliko yote, hata hivyo, sioni likitajwa katika sheria yoyote. Vijana wa mfongo hawapo. Wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, na wengine ndio ninyi mnaonisikiliza sasa. Kila Desemba magari hujaa barabara ile, Kwa Sadala husimama foleni, nyumba nzuri zinafunguliwa madirisha, mbuzi wanachinjwa. Katika siku hizo ndipo vikao hufanyika. Watu wa mjini huja wamevaa vizuri, wanachanga fedha kwa ajili ya mfongo, mara nyingine nyingi, na wanachaguliwa wajumbe. Januari wanaondoka. Lakini tope halitoki Desemba. Hutoka kiangazi, Julai mpaka Septemba, wakati banio linapozibwa na mto umepungua, na waliobaki ni wazee wa miaka 70 na vijana wachache wanaotaka walipwe kwa siku, kwa hiyo ile michango ya Desemba ndiyo inayowalipa. Fedha imechukua nafasi ya jembe. Inafanya kazi, sikatai. Ila mjumbe anayeishi Tabata hakauki banio likibomoka.

Kiangazi kilichopita nilishuka Kwa Sadala, nikapanda kwa miguu kidogo mpaka kwenye mfongo wa nyumbani. Mzee anayeutunza siku hizi ni mwana wa yule aliyenitoza ujana wangu. Anaweka daftari la shule, la kurasa 96, lenye majina ya wote wenye zamu na alama ya kila siku ya kazi. Aliyefika ana mkwaju, asiyefika ana duara. Aliligeuza akanionyesha mstari wangu. Ulikuwa umejaa maduara toka mwanzo hadi mwisho, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika jumla ninayodaiwa. Akaniambia jembe liko nyuma ya nyumba.